Jicho la Mwamuzi na Nafsi ya Nyota

Watangazaji wa mpira hulitamka neno "uungwana" kwa wepesi, kana kwamba ni istilahi ya uwanjani kama vile kona au kuotea. Neno lenyewe ni kongwe, na si jepesi. Katika miji ya pwani muungwana alikuwa, kwanza kabisa, mtu asiye mtumwa. Na historia hiyo ina doa lake, kwani uungwana wa mmoja ulipimwa kwa utumwa wa mwengine. Baadaye neno likahama kutoka kwenye nasaba likaja kwenye mwenendo, hata ikasemwa kuwa uungwana ni vitendo. Kilichosalia ndani yake baada ya safari hiyo ndefu ni hiki: muungwana hangoji kusimamiwa.

Kwa kipimo hicho, swali zito la maadili katika kandanda halimo katika rafu zinazoonekana, ambazo zina kadi zake. Limo pale mwamuzi alipokosa kuona, na mchezaji akabaki peke yake na anachokijua.

Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca mjini Mexico, mbele ya watu zaidi ya laki moja, Diego Maradona aliruka pamoja na mlinda mlango wa Uingereza, Peter Shilton, akautia mpira wavuni kwa mkono wa kushoto. Mwamuzi, Ali Bennaceur wa Tunisia, akalikubali bao. Dakika nne baadaye Maradona aliuchukua mpira katika nusu ya uwanja wa timu yake, akawapita Waingereza mmoja baada ya mwengine, Shilton akiwa wa mwisho, akafunga bao ambalo uzuri wake umekiriwa hata na waliofungwa. Argentina ilishinda 2-1. Mabao hayo husimuliwa pamoja, kama ushahidi kwamba utukutu na kipaji vilikaa katika kiwiliwili kimoja. Husahauliwa kuwa bila ya lile la kwanza matokeo yangekuwa sare. Kwa hivyo la pili, kwa uzuri wake wote, haliwezi kulisafisha la kwanza.

Maradona mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2000, aliuhusisha ushindi ule na vita vya visiwa vya Malvinas vya 1982, vilivyowaua vijana wengi wa Argentina. Uchungu huo ulikuwa wa kweli, na anayeudharau hajui vita ni kitu gani. Lakini Shilton hakuwa askari, na Bennaceur hakuwa raia wa taifa lolote kati ya hayo mawili. Nafsi inapotaka kufanya jambo la kuonea haya hujivika kanzu ya umma; husema ni kwa ajili ya nchi, ni kwa ajili ya wenzangu kumi, kisha hutembea kifua mbele.

Mwaka 2015 Maradona alimzuru Bennaceur huko Tunisia, akampa jezi aliyoiandikia maneno ya urafiki. Kwa Shilton hakwenda, na Maradona alipofariki Novemba 2020, Shilton alisema hakuwahi kuombwa radhi. Alikumbukwa yule ambaye kosa lake lilikuwa na faida, akasahauliwa yule ambaye lilimuumiza.

Wapenzi wa mashairi, hata hivyo, wasiwe na haraka ya kukilaumu kibri chenyewe. Malumbano ya pwani, tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa katika karne ya 19, hayakosi tambo. Mshairi hujitapa, humdunisha mshindani wake, hudai kuwa hana mfano, na watu hufurahi. Sharti ni moja tu: shairi lisimame. Vina vikipotea na mizani ikipungua, tambo humrudia mwenyewe. Hapana filimbi hapo. Hadhira ina masikio, na mshairi ana yake kabla yao. Mwenye kibri cha namna hiyo huona haya kusifiwa kwa ubeti usio wake. Nyota anayelipokea bao asilolifunga kwa halali, basi, hakosi kwa kujiona mkubwa mno. Amejishusha.

Thierry Henry alitoa utetezi mwepesi kuusema na mgumu kuujibu. Tarehe 18 Novemba 2009, katika uwanja wa Stade de France, aliutuliza mpira kwa mkono, akampasia William Gallas, na Ufaransa ikafuzu kwenda Afrika Kusini. Ireland ikabaki nyumbani. Baada ya mchezo Henry alikiri, lakini akaongeza kwamba yeye si mwamuzi. Siku mbili baadaye, siku ile ile FIFA ilipolikataa ombi la Ireland, alisema kuwa haki ni mchezo kurudiwa. Ukweli uliosemwa wakati hauna tena gharama!

Je, mchezaji ana wajibu wa kujishitaki? Mahakamani mshitakiwa halazimishwi. Lakini uwanja si mahakama. Mwamuzi aliingizwa kati ya uwanja mwaka 1891, mwaka ule ule penalti ilipoingia katika sheria. Kabla ya hapo waamuzi wa pande mbili walingoja wachezaji walalamike. Aliletwa kuamua wanaogombana, hakuletwa kuwabebea dhamiri zao.

Luis Suárez asitiwe katika fungu hilo, ingawa Ghana haijamsamehe. Tarehe 2 Julai 2010, mjini Johannesburg, aliuzuia mpira kwa mikono mbele ya macho ya wote. Akatolewa, penalti ikapigwa, Asamoah Gyan akagonga mwamba. Hakumdanganya mtu. Kinachochusha ni shangwe zake alipoiona penalti imekosewa.

Tangu Kombe la Dunia la 2018 kamera humsaidia mwamuzi, na wengi husema tatizo limekwisha. Limekwisha la bao la haramu. Mchezaji amepata msimamizi asiyelala, na kwa maana ya zamani ya neno hilo si muungwana zaidi kwa sababu hiyo.

Tarehe 26 Septemba 2012 kamera hiyo haikuwapo mjini Napoli. Miroslav Klose wa Lazio, ambaye mwaka 2014 angefikisha mabao 16 ya Kombe la Dunia, idadi ambayo hadi wakati huo hakuna aliyeifikia, alifunga mapema kwa mkono, na mwamuzi akaelekeza mpira kati. Klose akamwendea, akamwambia. Bao likafutwa, na wachezaji wa Napoli wakaja kumpa mkono. Kisha mchezo ukaendelea, na Lazio ikafungwa 3-0.