WAZO LA LEO: Albamu ya kanda moja

Mpenzi wa roki akiulizwa albamu zake bora hutaja jina, mwaka na picha ya jalada. Ataanza na Queen, na hapo hana ugeni nasi: Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946. Sisi wa Mbwara, ng'ambo ya Mto Rufiji, tutataja nini? Santuri za bendi zetu nyingi zilichapwa Nairobi, na muziki wa dansi ulitufikia kwa mawimbi ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa hiyo albamu tulizitengeneza wenyewe: kanda tupu, redio kaseti, kidole juu ya kitufe.

Upande A, "Zuwena" ya Marijani Rajab, mwanzo umekatika kwa sababu mtangazaji hakumaliza kusema. Kisha "Neema" ya Mlimani Park. Katikati jogoo anawika, na mpaka leo nikiisikia bila jogoo naona imepungukiwa na kitu. Upande B, "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, sauti ikizama kadiri betri zinavyokwisha. Betri zilianikwa juani, kanda ikirudishwa nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuzibania. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, hata kanda za dukani zilivuka Rufiji kwa pantoni.

Kwangu hizo ndizo albamu bora, makwaruzo na yote. Kama kwenu bado zipo, zihamishieni kwenye simu msimu huu, kabla ukungu haujazimaliza. Na jogoo msimfute.