Je, Yafaa Kumjua Uduvi?

Tulipokuwa Nansio, katika kisiwa cha Ukerewe, tulisimama asubuhi moja mwaloni, mahali wanapoanika dagaa. Wavuvi walikuwa wamekwisha rudi na taa zao zimezimwa, nao akina mama walikuwa wakitandaza samaki juu ya nyavu kuukuu. Mtoto wa kike, mwenye umri wa kwenda shule, aliokota kati ya dagaa kitu kidogo kilichojikunja, chepesi, chenye wekundu kidogo kwa kukauka. Akauliza: “Mama, huyu ni mtoto wa dagaa?” Mama akajibu bila kuinua kichwa: “Huyo ni uduvi, mwanangu. Hana maana, ni wa kuku.” Mtoto akamtupa.

Mama yule hakusema uongo. Kuku hula uduvi, na mwenye gunia la dagaa hapendi lichanganywe na kitu kingine. Lakini mtoto aliuliza, “Huyu ni nini?”, naye akajibiwa kana kwamba ameuliza, “Huyu atufaa nini?” Twaona kwamba tofauti ya maswali hayo mawili si jambo dogo, na leo twataka kuitafakari pamoja na wasomaji wetu.

Basi, uduvi ni nini? Si samaki, wala si mtoto wa samaki, kwa maana hana mfupa hata mmoja. Yeye ni wa ukoo wa kamba na kaa. Urefu wake ni kama sentimeta mbili na nusu, na akiwa hai mwili wake hupenya nuru kama kioo. Kichwa na kifua vimefunikwa na gamba moja. Mbele ya gamba hilo yatokeza pembe nyembamba yenye meno kama msumeno, na kando ya pembe kuna macho mawili yaliyosimama juu ya vikonyo. Miguu ya kutembelea ni jozi tano. Jozi mbili za mbele zina vikoleo vidogo, na katika ncha za vikoleo hivyo mna manyoya kama ya brashi, ambayo kwayo hukusanya chakula laini juu ya mawe na majani. Chini ya tumbo ana jozi nyingine tano za kuogelea, na hapo jike hubeba mayai yake mpaka yaanguliwe.

Mfaransa mmoja, Polydore Roux, alimwandika uduvi huyu katika mwaka 1833, akamwita Pelias niloticus, yaani wa mto Nili. Baadaye wataalamu walimwondoa katika kundi hilo na kumweka katika kundi la Caridina, lililoundwa mwaka 1837 na Henri Milne Edwards. Ndiyo maana leo huitwa Caridina nilotica.

Wasomaji wetu wa pwani wamjua kiumbe mwingine, ambaye kwa jicho la haraka wangemdhania ndugu wa uduvi tumbo moja. Ukifunua mwani uliokauka juu ya mchanga wa bahari, huruka vijidudu vilivyopinda mgongo. Wataalamu huwaita amfipoda, neno la Kiyunani lenye maana ya miguu ya pande mbili, kwa kuwa miguu yao mingine huelekea mbele na mingine nyuma. Amfipoda hawana gamba la kufunika kifua, macho yao hayana vikonyo, na jike huyatunza mayai katika mfuko ulio chini ya kifua. Ukihesabu miguu ya kifuani utapata jozi saba, siyo tano.

Lakini tusiishie hapo. Viumbe hawa wote wawili wana kifua cha pingili nane, na kila pingili ina jozi yake. Kwa uduvi, jozi tatu za mbele zimegeuka kuwa visaidizi vya kinywa, zikabaki tano za kutembelea. Kwa amfipoda, jozi moja tu imekwenda kinywani, zikabaki saba. Tatu na tano ni nane. Moja na saba ni nane. Kumbe ukoo wao ni mmoja, ila mgawanyo ni mbalimbali. Anayetazama haraka hudhani wako sawasawa. Anayehesabu kidogo huwatenga kabisa. Ni yule anayehesabu mpaka mwisho ambaye huona vyote viwili, udugu wao na tofauti yao.

Kuna atakayetuambia: “Mheshimiwa, mvuvi aliyekesha ziwani hana nafasi ya kuhesabu miguu ya uduvi. Ana ada ya shule ya kulipa.” Neno hilo ni la haki, wala hatumlaumu mvuvi. Walakini historia ya ziwa letu yatufundisha jambo. Furu walikuwa wa aina mamia, na katika enzi ya ukoloni wakubwa wengine wa uvuvi waliwaita samaki takataka. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara alitiwa ziwani, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa kwamba atawageuza furu hao kuwa nyama yenye bei. Katika miaka ya 1980 sangara akaongezeka mno. Furu wengi wakatoweka, wengine kabla hawajapewa jina na mtaalamu yeyote. Hatusemi kwamba neno “takataka” peke yake liliwaua, lakini ni vigumu kukilinda kitu ambacho umekwisha kukiita takataka.

Naye uduvi? Furu walipopungua, yeye aliongezeka. Watafiti wa Ghuba ya Mwanza walipopasua matumbo ya sangara, hasa wadogo, waliwakuta uduvi kwa wingi. Hivyo kiumbe aliyeambiwa kwamba hana maana ndiye aliyemlisha samaki aliyejenga viwanda vya Mwanza.

Hata hivyo hatutaki hoja yetu isimame juu ya faida hiyo. Tukisema kwamba uduvi astahili kujulikana kwa sababu alimlisha sangara, tumerudi pale pale kwenye “atufaa nini?” Kitabu cha Mwanzo chasimulia kwamba wanyama waliletwa mbele ya Adamu ili awape majina, hatusomi kwamba aliuliza kwanza yupi aliwa na yupi hafai. Kukipa kitu jina lake la haki ni deni letu kwa ukweli, hata kama hakitulipi kitu.

Nasi twaogopa zaidi kwa ajili ya watu. Twasikia kila siku mtu akisemwa: “Huyo ni dagaa tu.” Aliyezoea kuuliza faida ya kitu kabla hajakijua, siku moja atauliza hivyo juu ya mzee asiyeweza tena kulima, na juu ya mtoto aliyezaliwa kiwete.

Basi, wazazi, yule mtoto wa mwaloni hakuhitaji mtaalamu. Ilitosha kuambiwa: “Si dagaa, mwanangu. Hesabu miguu yake, kisha uniambie.” Kazi ya kuanika ingeendelea, na kuku wasingekosa chakula chao.