Mali Iliyo Ghalani: Je, Yafaa Kunadiwa kwa Intaneti?

Wako katika ndugu zetu wa pwani wenye biashara au jamaa huko Kitale na Bungoma, ambako hukodi maghala wakaweka mahindi, bidhaa na vyombo vya nyumbani. Hutokea mtu akaugua, akarudi kwao, na kodi ikalimbika miezi. Mwenye ghala huvunja kufuli, akaeneza picha katika intaneti, na mtu aliyeketi Mombasa akapandisha bei kwa simu yake. Je, mnada huu ni halali?

Twasema: mnada wenyewe hauna ila. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kuwa Mtume (s.a.w.) alinadi tandiko na bakuli la maskini mmoja katika Ansari, akauliza ni nani atakayezidisha, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Wengi hukumbuka mnada huo wakasahau mwisho wake: dirhamu zote mbili alipewa mwenye mali. Wala intaneti si haramu. Ni uwanja wa soko tu. Haramu huingia kwa milango mingine, nayo ni mitatu.

Wa kwanza ni kudhani kuwa mwenye ufunguo ndiye mwenye mali. La! Mali iliyo ghalani ni amana, na haki ya mwenye ghala ni kodi yake. Sheria ya Kenya juu ya mali isiyochukuliwa, Sura ya 38, yaruhusu kuiuza, lakini baada ya kumtangazia mwenyewe. Na matangazo yake katika Gazeti la Serikali humpa siku 30 alipe aichukue. Kunadi nako, kwa sheria ya madalali ya 1996, ni kazi ya mwenye leseni. Picha iliyopita katika simu za watu si tangazo kwa mgonjwa aliyelala Malindi.

Wa pili ni kuuza kisichoonekana. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ni ya wengi wetu, kauli yenye nguvu ni kuwa biashara hiyo haisihi. Mahanafi huikubali, wakampa mnunuzi hiari akishakiona kitu. Gunia la mahindi la kilo 90 laweza kupendeza juu na ndani limeoza kwa unyevu, na kipimo cha serikali hakipiti unyevu wa asilimia 13.5. Basi auzaye kwa mtu wa mbali na ahesabu kila kitu, ataje ila zake, na akubali kurudishiwa. Kuuza mlango uliofungwa, kila mtu na bahati yake, ni kamari iliyovaa kanzu ya biashara.

Wa tatu ni najshi, yaani kupandisha bei pasi na nia ya kununua, ili mwingine aghurike. Uwanjani tungemwona mtu uso. Katika simu mtu mmoja aweza kuwa majina kumi.

Atasema mwenye ghala: "Nami nina watoto, je, niwe sadaka ya mdaiwa?" Hasha. Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 280, yaamrisha mdaiwa mwenye dhiki angojwe, wala haikufuta deni lake. Akiisha kungoja na kutangaza, na auze, achukue kodi na gharama zake, na kilichobaki amwekee mwenyewe, japo ni shilingi kumi. Ama hati za shamba, vyeti vya watoto na picha za wazee, hivyo si vya kunadiwa. Na virudi kwa wenyewe.

Wakigombana, wasiende kwa Kadhi, kwani Katiba ya 2010 imempa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Hili ni la mahakama nyingine. Lakini kabla ya mahakama iko dhamiri. Ewe ndugu, kabla hujataja bei yako, uliza: mali hii ni ya nani, naye ana habari? Usipojibiwa, zuia mkono wako. Huenda rahisi ya leo ikawa dai la jirani yako kesho, mbele ya Hakimu asiyefichwa kitu.

Wallahu aalam.