Saa Ilisimama Kwenye Sahihi Yangu

Bahasha ilikuwa ya kaki, kona moja imekunjika, na juu yake nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: Uchindile. Niliikuta kwenye droo ya chumba cha eksirei wiki 6 baada ya kuisaini ripoti iliyomo. Ripoti yenyewe haikuwa na kosa. Nilieleza kwamba kilele cha pafu la kulia kina tundu, kwamba huenda ni kifua kikuu, na kwamba mgonjwa apimwe makohozi haraka. Niliisaini dakika 50 tu baada ya picha kupigwa. Mgonjwa hakuwahi kuambiwa hata neno moja.

Mwaka ule tulikuwa na mradi wa kuboresha huduma. Sisi madaktari wa mionzi tunaujua wajibu huu. Baraza la Madaktari Tanganyika linatutaka tuwe na pointi za mafunzo endelevu ili leseni ihuishwe, na kule Marekani bodi ya radiolojia huwadai mabingwa wake mradi au shughuli ya kuboresha huduma ili ubingwa wao uendelee kutambuliwa. Kazi ni ileile: chagua tatizo, lipime, badilisha kitu, pima tena. Sisi tulichagua ucheleweshaji. Tukaamua kwamba tangu picha inapopigwa hadi daktari anaposaini, zisipite saa 2. Baada ya miezi 3 mstari kwenye mchoro wetu ulikuwa umeshuka, nami nikaubandika ukutani.

Mgonjwa wa bahasha ile alikuwa mzee kutoka Uchindile, kule juu ambako reli ya TAZARA ikishaiacha Mlimba hupanda milima kwa madaraja na mahandaki kuelekea Makambako. Kuja Ifakara, hospitalini kwetu, ni kuvizia treni, kurudi ni kuvizia treni, na treni haipiti kila siku. Alikuja na binti yake. Alinisalimu "Kamwene" kama vile tuko kwao. Nikampa shikamoo, akacheka, akakohoa kwa muda mrefu, kiganja mdomoni.

Wakati nasaini, daktari aliyemwandikia eksirei alikuwa ameshatoka kliniki. Mzee akaambiwa arudi kesho yake. Binti akauliza dirishani, "Dada, tukiikosa treni ya leo tutalala wapi?" Hakupata jibu la maana. Wakapanda treni. Bahasha ikaingia kwenye droo, na kwenye daftari la mradi nikaandika: dakika 50, imefaulu.

Kifua kikuu cha mapafu hakisubiri mtu apate nauli. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba mgonjwa asiyetibiwa anaweza kuwaambukiza watu 5 hadi 15 wa karibu naye kwa mwaka. Dawa hutolewa bure, kwa kawaida kwa miezi 6. Mzee aliporudi alikuwa ameegemea bega la binti yake, mkanda wa suruali umefungwa kwa kamba, na safari hii walikuja na mjukuu wa miaka 4 aliyekuwa akikohoa naye. Ndipo nikaenda kupekua droo.

Madaktari vijana wakiniletea miradi yao, sitazami mchoro kwanza. Nauliza saa yao inasimama wapi. Yetu ilisimama kwenye sahihi yangu kwa sababu hapo ndipo ilipokuwa rahisi kuisoma, na kwa sababu hapo ndipo mimi nilipokuwa nimemaliza kazi. Mzee alikuwa bado hajaanza kuhudumiwa.

Tuliubandua mchoro. Daftari jipya lina safu ya namba ya simu ya mgonjwa au ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijijini kwake, na safu ya siku ya treni. Picha ya anayetoka mbali husomwa kabla hajaondoka, akiwa ameketi pale kwenye benchi. Akishaondoka, tunapiga simu, na saa haisimami mpaka mwenyewe aseme amesikia na ameelewa afanye nini.

Mwisho wa mwaka nilichora upya. Wastani uliokuwa ukihesabiwa kwa dakika ulikuwa umegeuka siku 4. Niliuwasilisha hivyohivyo.