Huruma Isiyoweza Kusaidia

Mtakatifu Augustino alikuwa na miaka 17 hivi alipokwenda Karthago kusoma, na huko akazama katika michezo ya jukwaani. Alikuwa Mwafrika wa Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Baadaye sana, akiwa askofu wa Hippo, aliandika Maungamo na kuukumbuka ujana ule kwa uchungu. Alichokihoji hasa ni machozi ya watazamaji. Kwa nini mtu apende kuhuzunishwa na mateso ambayo yeye mwenyewe asingetaka yampate? Na ni huruma gani hiyo, ikiwa mtazamaji haitwi kumwokoa anayeteseka bali anaitwa kulia tu?

Mimi ni mwalimu wa fasihi, na kwa miaka mingi nilikuwa nikilijibu swali hilo kwa Aristotle, kama tulivyofundishwa chuoni: tanzia huamsha woga na huruma, kisha huvisafisha. Nilikuwa naliandika jibu hilo ubaoni, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Kisha figo zangu zikakoma kufanya kazi.

Sasa nasafishwa damu mara mbili kwa wiki, muda wa saa 4 kila mara. Wanaoijua shughuli hiyo wanajua kwamba siku ya mashine haina jioni. Unatoka ukiwa umekamuliwa, misuli ya miguu inakaza, baridi inakushika hata jua likiwaka. Watu huniuliza habari za sindano. Sindano huzoeleka. Kiu ndiyo haizoeleki. Maji ya siku nzima ninapimiwa, na chai, uji, mchuzi wa sukuma, vyote vinaingia katika hesabu hiyo hiyo.

Katika hali hiyo nilipanda basi la shule pamoja na Kidato cha Nne kwenda kutazama Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege ambayo watahiniwa wa KCSE huisoma. Vikundi vya maigizo huzunguka na vitabu teule katika kumbi za shule na za makanisa, na kwa wanafunzi wangu wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona waigizaji kwa macho yao. Naibu wa mwalimu mkuu alinisihi nibaki. "Mwalimu, watoto wataenda na wenzako. Wewe pumzika." Baba watoto alisema vivyo hivyo asubuhi ile akinikunjia shuka la kujifunika njiani, maana alishajua nitakwenda. Walisema kwa upendo. Lakini mgonjwa huambiwa apumzike kila saa, mpaka siku moja anatambua kwamba amepumzishwa na maisha yenyewe.

Niseme wazi kwamba ugonjwa wangu hauambukizi. Mwenye mafua hana ruhusa ya kuja kukaa bega kwa bega na watu gizani, hata awe amelipia kiti cha mbele. London ya Shakespeare ilifunga majumba yake ya maigizo tauni ilipozidi, na sisi tulizifunga kumbi zetu mwaka wa 2020 kwa sababu ya korona. Hapo sina mjadala na mtu. Swali langu linamhusu yule ambaye maumivu yake ni yake peke yake: je, ana la kufanya katika ukumbi wa maigizo? Wagiriki wa kale hawakuona ajabu. Epidauro, mahali ambapo wagonjwa walikwenda kulala katika patakatifu pa Asklepio wakingoja uponyaji, palijengwa pia ukumbi wa maigizo katika karne ya 4 KK, nao bado umesimama.

Sara, mama wa tamthilia ile, ni mgonjwa. Mumewe Yona anaingia jikoni kumpikia, na binti yao Neema, anayeishi mjini, anabeba mzigo wa matibabu. Aliyemwigiza Sara alikuwa msichana mwenye afya tele, na mwanzoni nilimtazama kwa jicho kali. Aliugua kwa sauti mno. Mgonjwa wa muda mrefu hagumi hivyo, pumzi anaiwekea akiba. Kisha akanyoosha mkono kuchukua kikombe. Kabla ya kukigusa alisita, akaangalia kama kuna anayemwona, ndipo akakiinua kwa mikono miwili. Kusita kule nakujua. Mtu hukufanya ili asihurumiwe kabla ya wakati. Nikalia.

Sitadai kwamba maumivu yaliniondoka. Mguu ulikuwa unakaza, na wanafunzi nyuma yangu walikuwa wanapitishiana chupa ya maji niliyoisikia kila ilipofunguliwa. Kilichobadilika ni mwelekeo wa huruma. Tangu niugue, huruma hunijia mimi. Ninapokea michango, ninapokea sala za jumuiya ndogo ndogo, ninapokea ndizi na machungwa ambayo daktari amenikataza na ambayo siwezi kumrudishia jirani aliyeyabeba kutoka sokoni. Ninashukuru, na shukrani yangu ni ya kweli. Ila anayepokea tu, mwaka baada ya mwaka, hupungukiwa na kitu ambacho mashine haiwezi kukirudisha. Mle ukumbini nilikuwa ninatoa. Sara hakuniona wala hakunidai. Sikuweza kumpa chochote isipokuwa kumwangalia vizuri, nami nilimwangalia kwa nguvu zangu zote.

Augustino angesema hiyo ni huruma kilema. Ninamheshimu, lakini naona aliandika kama mtu anayeweza kuinuka na kwenda. Katika wodi yetu, kijana aliye kitanda kinachonikabili huporomoka shinikizo la damu akiwa kwenye mashine. Wauguzi hukimbia, pazia huvutwa, nami nimefungwa kwa mirija kwenye mashine yangu. Siwezi kumsaidia. Ikiwa huruma hupimwa kwa msaada tu, basi mimi na vikongwe wote na wafungwa wote tumetolewa katika rehema. Na Maria je? Injili ya Yohana haituambii kwamba alifanya lolote chini ya msalaba. Inatuambia alikuwa amesimama pale.

Lakini Sara si mtu wa kweli, mtaniambia. Fikirini kuhusu Paris, tarehe 17 Februari 1673. Molière alikuwa jukwaani akiigiza mtu mzima wa afya anayejidhania mgonjwa, katika mchezo alioutunga mwenyewe. Kifua chake kilikuwa kibovu kwelikweli. Inasimuliwa kwamba alisihiwa apumzike siku ile, akakataa kwa sababu ya vibarua wa ukumbi waliotegemea ujira wa siku. Alishikwa na mtukutiko akiwa jukwaani, akauficha kwa kicheko, na usiku ule ule akafa nyumbani kwake. Kanisa langu halikutaka kumzika kama Mkristo kwa kuwa alikuwa mwigizaji na hakuwahi kuikana kazi yake mbele ya padre. Ilibidi mfalme aingilie kati, naye akazikwa usiku. Jambo hilo hunihuzunisha hadi leo. Watazamaji walidhani ni maigizo, na mwili uliokuwa mbele yao ulikuwa unakufa. Kutoka kitini hatuwezi kujua mpaka uko wapi, kwa hiyo siwezi kuahirisha huruma mpaka nionyeshwe cheti cha daktari.

Kwa mwenye afya, hata hivyo, swali la Augustino linabaki na makali yake yote. Wavulana wawili walilia waziwazi Sara alipozidiwa, na nilifurahi kuwaona. Lakini wao wana miguu. Wana bibi zao kijijini, na mmoja wao analala bweni moja na mwenzake mwenye selimundu. Wao wanaitwa kusaidia, na machozi ya ukumbini yasiwe malipo ya deni hilo.

Nimemweleza haya padre wetu, naye hajakubali. Anasema nimemlainisha Augustino ili anifae, na kwamba Maria alisimama mbele ya mwanawe, si mbele ya mwigizaji. Ni hoja nzito na sijapata jibu lake kamili. Kikundi kile kinarudi muhula ujao. Padre amekubali kuja tukae naye, na sista wa wodi ameniandikia zamu ya Jumatano badala ya Alhamisi.