Aibu ya Shimo

Anayenunua nyumba Dar es Salaam hukagua mengi. Hati huipeleka ofisi ya ardhi ikahakikiwe, kwa mwenyekiti wa mtaa huulizia kama kiwanja kina mgogoro, vigae huvigonga kwa kidole kusikiliza kama chini kuna uwazi, dari huitazama kama ina madoa ya mvua. Luku ikoje, maji ya DAWASA hutoka siku ngapi kwa wiki, ukuta wa uzio ni wa nani: yote hayo huulizwa na hujibiwa. Mwisho yeye na dalali huzunguka nyuma, hukanyaga mfuniko wa zege uliowekewa ndoo ya maua juu yake, wakapita. Nyumba ikanunuliwa. Masika yakishika, maji ya kuoga yanakataa kwenda, choo kinagugumia, na chemba ya nyuma inaanza kutema maji meusi kwenye njia ya jirani. Fundi akiitwa hutamka maneno ambayo mjini hapa kila mtu anayajua: choo kimejaa.

Maneno hayo ni mafupi mno kwa jambo lenyewe. Ukisema kimejaa, unasema dawa yake ni gari la kunyonya, na mara nyingi sivyo. Karo la maji taka lililojengwa inavyotakiwa halifanyi kazi peke yake. Ndani yake vizito huzama vikawa tope, mafuta huelea yakawa utando, na maji ya katikati hutoka kwa bomba kwenda shimo la pili lenye kuta za matundu, ili ardhi iyanywe. Vijidudu visivyohitaji hewa hula sehemu ya tope lakini havilimalizi, ndiyo maana karo hutakiwa kunyonywa kila baada ya miaka 3 hadi 5. Lisiponyonywa, tope hupanda hadi mdomo wa bomba, huvuka, na kwenda kuziba vinyweleo vya udongo kule kwenye shimo la pili. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Karo linaweza kunyonywa leo likajaa tena wiki ijayo, kwa sababu kilichochoka ni udongo, na udongo haunyonywi na gari. Mwenye nyumba mpya atachimba shimo jingine ikiwa kiwanja kimebakiwa na nafasi. Na kwenye sehemu za Mikocheni na Msasani ambako maji ya ardhini yako karibu, hata shimo jipya wakati wa mvua halina pa kuyapeleka maji.

Kasoro hii inajua kujificha. Nyumba iliyokaa tupu miezi miwili ikisubiri mteja, udongo wake hupumzika na shimo hushuka lenyewe. Ikitazamwa kiangazi huonekana nzima kabisa. Muuzaji akiita gari siku tatu kabla ya wateja kuja, hata pua haina ushahidi. Ufundi wenyewe, tukiufuatilia, ulizaliwa na ahadi ya kusahau: Mfaransa Jean-Louis Mouras, aliyepata hataza ya tangi lake mwaka 1881, alilisifu kwa kuwa linajisafisha lenyewe, na Donald Cameron wa Exeter, Uingereza, akaliendeleza wazo hilo mwaka 1895. Kwetu ahadi hiyo imepokewa kwa moyo mmoja. Tumeongeza na ya kwetu: mengi tunayoyaita makaro ni shimo moja tu lisilo na sakafu, lililochimbwa kwa familia ya watu sita na sasa linahudumia wapangaji wa vyumba vinane.

Ninachodai ni kwamba muuzaji anayeijua hali ya shimo lake na akanyamaza, kunyamaza huko amekuuza pia, na kumelipiwa. Na kinachomsaidia kunyamaza si ujanja wake. Ni adabu yetu sote. Kiswahili kimelivika jambo hili nguo nyingi: tunakwenda haja, tunakwenda msalani, tunajisaidia, na pwani mtu huaga kwamba anakwenda uani, basi. Mezani adabu hiyo ina mahali pake. Kwenye mauzo inamkinga mmoja tu. Mnunuzi anaona haya kuomba mfuniko ufunuliwe, kana kwamba anamwambia mwenyeji kuwa watu wa nyumba yake wananuka. Anayeuliza tofali zilikuwa za inchi ngapi huonekana makini. Anayeuliza choo kilinyonywa lini huonekana hana malezi.

Neno aibu lenyewe lingeweza kutufunza kitu. Kiarabu lilikotoka lina maana ya kasoro, hata kasoro ya bidhaa sokoni. Sisi tulipolichukua tukabaki na fedheha, ile kasoro tukawaachia wanafikihi, ambao bado wanayo: mnunuzi aliyekuta aibu iliyokuwepo kabla ya mauzo, na hakuambiwa, ana hiari ya kurudisha alichonunua. Kisa wanachokirejea mara nyingi ni cha mfanyabiashara wa nafaka ambaye Mtume alitia mkono kwenye lundo lake, juu kukavu, chini kumelowa. Yule bwana alijitetea kuwa ni mvua. Utetezi huo haukukubaliwa, si kwa sababu mvua haikunyesha, ila kwa sababu punje zilizolowa hazikuwekwa juu watu wakaziona. Sijui mfano wa kale unaoufaa zaidi mji wenye masika kama wetu.

Sheria ya nchi ni baridi zaidi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu kuficha jambo kwa makusudi kuwa ulaghai, lakini kunyamaza kutupu haikuhesabu hivyo isipokuwa pale mazingira yanapomlazimu mtu kusema. Tena mnunuzi ambaye kwa uangalifu wa kawaida angeweza kuugundua ukweli anaweza kunyimwa haki ya kuuvunja mkataba. Kutokana na hapo wapo wanaosema mnunuzi afumbue macho, biashara si sadaka. Hoja hiyo ina nguvu kwa ufa wa ukutani. Kwa shimo haina, kwani macho yakifumbuliwa yanaona zege. Wawili hawa hawalingani katika kujua: mmoja ameishi juu ya jambo hilo miaka kumi, anajua mwezi gani harufu huanza na gari huitwa mara ngapi, mwingine amekuja Jumamosi moja mchana akakaa dakika arobaini. Kumpa huyu wa pili mzigo wote wa kugundua ni kumlipa wa kwanza kwa kujua kwake.

Utetezi ulio mgumu zaidi kwangu ni wa dhiki. Watu wengi huuza nyumba kwa sababu ya ugonjwa, mirathi isiyogawanyika au deni la benki, na mwenye shida akisema choo kibovu atakatwa bei. Ni kweli atakatwa. Lakini gharama ya shimo jipya ipo, isemwe isisemwe. Linalobaki ni nani ailipe, na kama ataijua kabla hajatoa fedha. Aliyeambiwa hupunguza bei akatenga fedha ya fundi. Asiyeambiwa amemaliza akiba yake yote kwenye ununuzi, na hapo ndipo jambo linapotoka nje ya uzio. Jiji hili, lililohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, kwa sehemu kubwa halijafikiwa na mtandao wa mabomba ya maji taka. Mwenye shimo lililokufa na mfuko mtupu husubiri mvua kubwa, usiku akatoboa, maji ya mvua yakabeba. Tunaita kutapisha, na hakuna mtaa wa bondeni usioijua kazi hiyo. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 Dar es Salaam na kusambaa nchini kiliwapata watu zaidi ya 20,000. Siwezi kusema kilitoka kwenye mashimo ya nyumba zilizouzwa, na hakuna haja ya kusema hivyo. Inatosha kwamba ugonjwa huo husafiri kwa njia ile ile ya kutapisha, na kila shimo linalouzwa kimya humtafutia mtu mmoja zaidi sababu ya kusubiri mvua.

Wengine watasema lawama hii iende serikalini, mabomba yangelazwa mitaani haya yote yasingekuwepo. Yalazwe, hilo halina ubishi. Ila nyumba ya Goba au Chanika itauzwa mwaka huu, bomba halijafika, na anayeinunua atakuwa na watoto wanaocheza karibu na chemba ile. Yapo pia ya muuzaji asiyejua kweli, aliyerithi nyumba ya wapangaji na hajawahi kulala humo. Huyo hadaiwi asichokijua. Anaweza kusema shimo liko upande gani, kisima kiko umbali gani nalo, kwa mara ya mwisho gari lilikuja lini, au kwamba hana habari, na neno hilo la mwisho ni taarifa tosha kwa mwenye kusikia.

Kujua kwenyewe hakuhitaji mtaalamu wa mbali. Mabomba yote yafunguliwe kwa nusu saa, choo kivutwe mara tano sita, kisha chemba itazamwe kama maji yanapita au yanasimama. Karo likinyonywa mbele ya mnunuzi, na maji yakaanza kurudi ndani kutoka shimo la pili, jibu limepatikana. Nyumba ikikaguliwa Aprili husema mengi kuliko ikikaguliwa Septemba. Dalali atachukua asilimia yake kwa hali yoyote. Kufunua mfuniko kunataka nyundo, patasi, na konzi mbili za saruji za kuuziba tena.