Habari za Taabu za Watu: Ni Utafiti au ni Kusengenya?

Kusengenya, kama wajuavyo wasomaji wetu, ni kumtaja mtu asiyekuwapo kwa jambo analochukia kutajwa nalo, ijapokuwa jambo hilo ni kweli. Likiwa si kweli, basi hilo lina jina jingine, nalo ni baya zaidi. Kwa hivyo ukweli peke yake haumwokoi msemaji. Tumeanza na neno hili kwa kuwa zama zetu hizi zimejaa vitabu na takwimu zenye kueleza jinsi watu wanavyofanya kazi, wanavyokula na wanavyougua, na aghalabu watu hao hawapo pale wanapotajwa, wala hayawafikii yaliyoandikwa juu yao. Je, mwenye kuandika hayo, na sisi wenye kuyasoma, tumo katika elimu au tumo katika kusengenya?

Kazi hii ya kuhesabu taabu za wafanyakazi ilishika mizizi Ulaya. Mfaransa mmoja, Frédéric Le Play, aliyekuwa mhandisi wa migodi, alizunguka nchi nyingi za bara hilo akiingia katika nyumba za watu wa kazi, na mwaka 1855 alitoa kitabu chenye habari za jamaa 36: chumo lao, chakula chao, nguo zao, na walichobakisha mwisho wa mwaka, kama walibakisha. Miaka miwili baadaye Mjerumani Ernst Engel alionyesha, kwa kuzipima hesabu za namna hiyo, kwamba kadiri nyumba inavyozidi kuwa fukara ndivyo fungu kubwa zaidi la chumo lake linavyokwenda katika chakula. Kisha Charles Booth, tajiri wa meli, aliichunguza London, na juzuu za kazi yake zilitoka tangu mwaka 1889 hadi 1903. Aliona kuwa katika kila watu 100 wa mji ule, ambao ulikuwa mji mkuu wa dola kubwa, watu wapatao 30 wako katika ufukara.

Lakini Booth hakuishia katika kuhesabu. Alisimama akadai wazee wapewe posho na serikali. Sheria ikapita mwaka 1908, na malipo yakaanza Januari 1909. Hata leo Umoja wa Ulaya unayo taasisi yake mjini Dublin, Eurofound, iliyoundwa mwaka 1975, ambayo kazi yake ni kuchunguza hali za kazi na maisha. Mwaka 2021 watu zaidi ya 70,000 katika nchi 36 waliulizwa kwa simu juu ya kazi zao. Mtu aliyeulizwa kule aghalabu ana chama cha wafanyakazi, ana sheria, ana mbunge, na majibu yake yana njia ya kumrudia. Hatusemi kwamba Ulaya hakuna dhuluma. Twasema kwamba swali lina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Sasa natutazame nchini mwetu, katika kaunti za Migori na Homa Bay, pembezoni mwa Ziwa Viktoria. Ni mbali na pwani, na wengi wetu hatujafika huko. Lakini habari zake twazijua, au twadhani twazijua. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015/16 uliweka mpaka wa ufukara wa mashambani kuwa shilingi 3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kwa kipimo hicho mafukara wa Migori walikuwa 41.2 katika kila 100, na wa Homa Bay 33.5, ilhali kwa Kenya nzima walikuwa 36.1. Mwenye kuisoma hesabu hii peke yake atasema Homa Bay ina nafuu kuliko nchi kwa jumla. Uchunguzi wa mwaka 2018 nao ukaonyesha kuwa watu wazima 19.6 katika kila 100 wa Homa Bay wanaishi na virusi vya ukimwi, na 13.0 wa Migori, ilhali nchi nzima ni 4.9. Hesabu zote mbili ni za watu wale wale. Moja ilipima kilichomo mfukoni, nyingine ikagusa njia kilikopitia.

Katika njia hizo iko moja ambayo watafiti wameiandika mno, nayo ni ile iitwayo jaboya. Mashua na nyavu ni za wanaume. Kununua samaki ufuoni, kukausha na kuuza sokoni ni kazi ya wanawake. Samaki walipopungua na wachuuzi wakaongezeka, fedha peke yake hazikutosha kumpatia mwanamke samaki, na baadhi ya wavuvi wakataka mwili wake pamoja na fedha yake. Mvuvi huhama ufuo hadi ufuo akifuata samaki, na maradhi huhama pamoja naye. Hayo ni kweli. Lakini tazameni lilivyofika neno hili miji ya mbali. Limefika kama kisa cha kuchekesha barazani, nalo limewavika aibu hata wanawake wengi wanaonunua omena kwa fedha zao na kulea watoto kwa jasho lao. Mvuvi katika kisa hicho hatajwi. Mwenye mashua hatajwi. Anayebaki katika midomo ya watu ni mwanamke mwenye karai kichwani.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wasimame kidogo. Wanavyuoni waliokataza kusengenya walitaja pia mahali panaporuhusiwa kumtaja mtu asiyekuwapo, na Imamu Nawawi alizihesabu sababu sita. Miongoni mwake ni aliyedhulumiwa kupeleka mashitaka yake kwa mwenye uwezo, na mtu kutaka msaada wa kuondoa munkari. Ruhusa hizo zinafuata makusudio. Kwa maoni yetu, utafiti wa taabu za watu unaingia katika mlango huu na hauna mlango mwingine: umehalalika kwa kuwa ni mashitaka yapelekwayo kwa niaba ya aliyedhulumiwa. Yakiondoka makusudio hayo, ikawa habari inakusanywa ili mtu apate cheo, au inasomwa ili watu wapate la kuzungumza, ruhusa nayo huondoka, na kinachobaki ni kusengenya kulikopangwa kwa nambari.

Atasema msemaji: "Mtafiti si hakimu wala si mtawala. Yeye ni shahidi tu. Akishasema kweli amemaliza." Hoja hii ina nguvu, wala hatuipuuzi, maana mtafiti anayejifanya mwokozi huharibu kweli yake mwenyewe kwa kutafuta lile analolitaka. Lakini shahidi naye ana wajibu. Hatakiwi kuificha sehemu ya ushahidi, na katika jambo la jaboya sehemu iliyofichika ni milki ya mashua. Huko Nduru, katika kaunti ya Kisumu, wanawake walisaidiwa tangu mwaka 2011 kupata mashua zao wenyewe, ikaonekana kwamba mwenye mashua halazimiki kujiuza ili apate samaki. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipopanda kijiji kile kilifurika, na mengi yaliyojengwa yakaharibika; lakini ubainifu ulikuwa umekwisha kupatikana. Aibu ile haikuwa tabia ya wanawake. Ilikuwa ni ya soko ambalo upande mmoja una chombo na upande wa pili hauna.

Na shahidi hatakiwi kumwangamiza yule anayemshuhudia. Jambo hili ni zito zaidi Migori, kwenye dhahabu. Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa katika miaka ya 1960, na tangu hapo wachimbaji wadogo wamekuwa wakichimba kwa mikono katika sehemu za Nyatike na kwingineko. Wanaume huteremka mashimoni. Mawe hupondwa, husagwa, huoshwa kwa maji. Kisha unga ule mzito hukandwa kwa zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu, na kazi hii ya kuosha na kukanda aghalabu ni ya wanawake. Zebaki huishika dhahabu zikawa donge moja, donge likatiwa motoni, zebaki ikapaa kwa moshi na dhahabu ikabaki. Moshi ule huharibu neva na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Watoto wameonekana mashimoni pia. Basi mtafiti akiandika kuwa katika shimo fulani wamo watoto, na askari wakaja wakalifunga shimo, mtoto ameokoka na vumbi lakini baba yake amekosa kazi, na huenda wote wawili wakaonekana kesho katika shimo la mbali zaidi, ambalo mtafiti hajalijua.

Je, anyamaze? La, hasha. Kuna tofauti baina ya kutaja shimo na kutaja sababu. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imempa mchimbaji mdogo haki ya kupata kibali chake, na mwenye kibali anaweza kuwekewa masharti ya watoto na ya zebaki. Asiyekuwa na kibali anaweza kufukuzwa tu. Ushahidi unaomwonyesha mchimbaji kuwa amekosa kibali, na kueleza kwa nini amekikosa, humsaidia. Ushahidi unaomwonyesha kuwa ni mwizi wa madini mwenye kutumikisha watoto humtia mikononi mwa wenye nguvu, na kila neno lake likawa kweli.

Tumesema habari za watafiti. Sisi wasomaji je? Watu wa pwani tunavaa dhahabu. Hapana harusi yetu isiyokuwa na bangili na mikufu, na mahari yetu mengine hupimwa kwayo. Dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Afrika Mashariki huuzwa kwa madalali pale pale mashimoni, na nyingi hupitia Dubai. Huko ikishayeyushwa na nyingine, hapana sonara awezaye kusema gramu hii ilitoka Nyatike na hii ilitoka kwingine. Kwa hivyo hatusemi bangili zivuliwe, wala hatuwezi kusema ni haramu kitu ambacho asili yake haijulikani. Lakini yuko mbunge aliyeombwa kura katika miji hii, na iko serikali inayotulazimu kodi, na uko mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 juu ya zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliharibiwa kwa zebaki hata maradhi yao yakajulikana mwaka 1956. Kiko na chombo kidogo cha kufunikia donge linapochomwa, chenye bomba la kuurudisha moshi uwe zebaki tena, ili mtu asiuvute. Wanawake wa Nyatike hawana njia ya kumwuliza mbunge wa Mombasa amesema nini juu ya chombo hicho. Sisi tunayo.